Kikaango cha Madison

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, nyama ya ng'ombe ya kusaga ilikuwa ikikaangwa bila kukusudiwa kuliwa. Michael Pariza, mtaalamu wa mikrobiolojia, na wenzake walikuwa wakiitengeneza kuwa vidonge bapa vya hambaga, wakiiweka kwenye kikaango kwa moto wa kiwango walichokipima na kwa dakika walizozihesabu. Ikishaiva waliisaga tena, wakakamua utomvu wake kwa kemikali, wakachuja, wakahifadhi. Walichokitaka ni ule ukoko wa kahawia ambao mlaji huufuata kwa hamu kuliko nyama yenyewe.

Utomvu huo ulipelekwa kwenye visahani vya bakteria. Miaka michache kabla, Bruce Ames wa California alikuwa amebuni kipimo kilichoenea haraka duniani. Alichukua bakteria wa jamii ya salmonela walioharibiwa kwa makusudi, wasioweza kujitengenezea asidi amino iitwayo histidini. Wakiwekwa kwenye chakula kisicho na histidini, hawakui. Lakini ukiwaongezea dutu inayobadili vinasaba, wachache kati yao hubadilika tena kwa bahati, wakarudishiwa uwezo wao wa zamani, wakazaliana. Baada ya siku mbili huonekana madoa meupe yametapakaa kwenye kisahani, na mtafiti huyahesabu moja moja. Madoa yakiwa mengi, dutu ile ni ya kutiliwa shaka, kwa sababu kinachobadili vinasaba vya bakteria kinaweza pia kuwasha saratani kwa mnyama.

Madoa yalikuwa mengi. Hilo halikumshangaza mtu. Mwaka 1977 kundi la Takashi Sugimura, katika taasisi ya saratani mjini Tokyo, lilikuwa limetangaza kwamba sehemu iliyoungua ya samaki na nyama ya kuchoma ina dutu kali zinazobadili vinasaba. Mwaka uliofuata Barry Commoner wa St. Louis alionyesha jambo hilohilo kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa njia za kawaida za jikoni. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1979, Pariza na wenzake waliongeza neno lao: moto ukiwa mdogo, dutu hizo hubaki chache hata nyama ikikaa muda kwenye kikaango, moto ukipanda, nazo hupanda.

Kwa wafugaji wa Marekani habari hizi zilifika wakati mbaya. Ulaji wa nyama ya ng'ombe kwa kila mtu nchini humo ulifika kileleni mwaka 1976, kisha ukaanza kuporomoka. Mwaka 1977 kamati ya Seneti iliyoongozwa na George McGovern ilitoa malengo ya lishe kwa taifa zima, na toleo la kwanza liliwaambia wananchi wapunguze kula nyama. Wafugaji walikuja juu, na kabla mwaka haujaisha toleo la pili likatoka limelainishwa: sasa watu walishauriwa kuchagua nyama, kuku na samaki wasiowaongezea mafuta yanayoganda. Wenye maziwa nao walikuwa taabani, maana siagi, krimu na jibini vilikuwa kwenye orodha ileile ya kulaumiwa. Ng'ombe, aliyekuwa fahari ya nchi, alikuwa amegeuka mshitakiwa wa magonjwa ya moyo, na sasa alinyooshewa kidole cha saratani pia.

Katika hali hiyo ndipo visahani vya Madison vilipoonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Baadhi ya sehemu za utomvu ule, zilipochanganywa na dutu kali iliyokwisha kujulikana, hazikuongeza madoa. Ziliyapunguza. Ndani ya nyama hiyohiyo mlikuwa na kitu kinachozuia kazi ya dutu zinazoharibu vinasaba, na kilikuwamo hata katika nyama mbichi ambayo haijaonja moto.

Mtafiti mwingine angeweza kulipita. Alikuwa na swali lake, alikuwa na fedha za swali hilo, na jibu lake lilikwisha kupatikana. Pariza aliamua kumfuata mgeni huyu. Mwaka 1985 yeye na William Hargraves walieleza jinsi walivyopaka utomvu wa nyama kwenye ngozi ya panya wadogo kabla ya kuwapaka kemikali ya kuanzisha saratani: waliopakwa utomvu walipata vinundu vichache. Miaka miwili baadaye, akiwa na Yeong Ha, mtafiti kutoka Korea Kusini, na Nancy Grimm, alimtaja mgeni kwa jina. Alikuwa ndugu wa asidi linoleiki, ile asidi ya mafuta iliyojaa kwenye alizeti na mahindi. Mnyororo ni uleule wa atomi 18 za kaboni, ila vifungo vyake pacha viwili vimesogeleana nafasi moja. Wataalamu wakaiita CLA. Panya waliopakwa CLA iliyotengenezwa maabara walipata takriban nusu ya vinundu vilivyowapata wenzao.

Hebu tulitazame jambo hili kwa ukaribu. Tofauti kati ya mafuta ya kawaida na mafuta yaliyozuia vinundu ilikuwa kifungo kimoja kilichohama hatua moja. Hakuna atomi iliyoongezwa, hakuna iliyoondolewa. Nani basi aliyekihamisha kifungo kile?

Jibu lilikuwa limekaa kwenye vitabu vya watu wa maziwa kwa miaka hamsini, na watu wa nyama hawakuwa na sababu ya kuvifungua. Mwaka 1935, huko Uingereza, R. G. Booth na S. K. Kon, wakishirikiana na W. J. Dann na Thomas Moore, walikuwa wakichunguza jinsi siagi inavyobadilika kwa majira. Waliyapitishia mafuta ya maziwa mwanga wa urujuanimno, wakaona kwamba ng'ombe wanapotolewa zizini baada ya majira ya baridi na kufunguliwa kwenye majani mabichi, mafuta yao huanza kuunyonya zaidi mwanga wa urefu fulani. Kitu kipya kilikuwa kimeingia kwenye maziwa pamoja na majani. Moore akaonyesha baadaye kwamba kinatokana na vifungo pacha vilivyokaa jirani. Mwaka 1977, Peter Parodi, mkemia aliyefanya kazi na wauza siagi wa Queensland, Australia, akaeleza kwa usahihi umbo la asidi hiyo ndani ya mafuta ya maziwa. Makala yake ilisomwa na wenye siagi. Miaka kumi baadaye, dutu hiyohiyo ilipotoka kwenye kikaango cha hambaga, ndipo watu wakatambua kwamba pande mbili zilikuwa zimeshika mkia na pembe za mnyama mmoja.

Mtu aliyekulia kwa wafugaji hatashangaa. Anajua kwamba samli ya masika haifanani na ya kiangazi: ya masika ni ya njano, laini, na harufu yake ni nyingine. Unjano ule ni wa karotini ya majani mabichi, si CLA yenyewe, lakini vyote viwili hupitia mlango mmoja.

Mlango huo ni tumbo la kwanza la mnyama anayecheua. Ng'ombe hali majani kwa maana tunayoijua sisi. Anayakata, anayameza nusunusu, anayashusha kwenye pipa kubwa lenye giza, joto na unyevu lisiloingiwa na hewa, linaloweza kubeba lita mia moja na zaidi, kisha anajilaza na kuyarudisha mdomoni tonge kwa tonge ayatafune tena. Ndani ya pipa hilo wanaishi viumbe wadogo wasiohesabika, na hao ndio walaji wa kwanza wa majani. Mafuta yaliyomo kwenye majani, yenye vifungo pacha vingi, ni sumu kwao. Ili waishi, huyageuza: hukihamisha kifungo kimoja, kisha hukijaza haidrojeni kile kingine, kisha hukijaza na hiki kilichohamishwa, mpaka mafuta laini ya majani yanakuwa mafuta magumu. Ndiyo maana mafuta ya ng'ombe huganda kwenye sahani ilhali yale ya nguruwe au kuku, wasiocheua, hubaki laini. Mwaka 1966, huko North Carolina, Carol Kepler, Samuel Tove na wenzao waliionyesha njia hii hatua kwa hatua kwa kutumia bakteria mmoja wa tumbo hilo, Butyrivibrio fibrisolvens. Hatua ya kwanza ya safari yake ni CLA. Ni kituo cha njiani. Sehemu ndogo ya mafuta hushuka kwenye kituo hicho kabla ya safari kwisha, ikapenya kwenye damu, ikatulia kwenye nyama au ikatoka na maziwa.

Pariza na wanafunzi wake walikwenda sokoni kuthibitisha. Katika vipimo vyao vilivyochapishwa mwaka 1992, kila gramu ya mafuta ya nyama ya kondoo ilikuwa na miligramu 5.6 za CLA, ya ng'ombe 4.3, ya maziwa 5.5. Nguruwe alikuwa na 0.6 na kuku 0.9. Mafuta ya mimea, yaliyosifiwa wakati huo kuwa mkombozi wa moyo, yalikuwa na chembe tu. Anayecheua na asiyecheua walijitenga kwenye jedwali kama maji na mafuta.

Hapo ndipo fedha zilipoingia, na hapo historia hii inastahili kuelezwa bila kuficha kitu.

Wafugaji wa nyama na wafugaji wa maziwa wa Marekani hawakuwa na mazoea ya kula sahani moja. Kila upande ulikuwa na chama chake na bodi yake ya kutangaza mali yake. Baraza la maziwa liliundwa mwaka 1915. Bodi ya mifugo na nyama ilifuata mwaka 1922. Katika miaka ya 1980 kila upande ukapata mfuko wa lazima kwa nguvu ya sheria. Sheria ya mwaka 1983 iliweka tozo ya senti 15 kwa kila ratili 100 za maziwa, yaani kilo 45 hivi. Sheria ya mwaka 1985 iliweka dola moja kwa kila ng'ombe anayeuzwa. Miongoni mwa kazi ambazo tozo hizo ziliruhusiwa kuzilipia ni matangazo na utafiti. Mkulima mwenye ng'ombe sitini kule Wisconsin alichangia kila alipokamua, na mwenye ranchi Texas alichangia kila alipopeleka ndama mnadani. Senti hizo zikikusanywa nchi nzima zilikuwa mamilioni, na kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa na jambo ambalo jibu lake lingewafaa sawa. Ukithibitisha kwamba CLA ina faida, hukuitetea nyama peke yake wala maziwa peke yake. Umelitetea tumbo la mnyama anayecheua.

Hata mahali penyewe palisaidia. Wisconsin ni jimbo linalojiita nchi ya maziwa kwenye vibao vya namba za magari yake. Ni jimbo lililopiga marufuku majarini yenye rangi ya njano mpaka mwaka 1967 ili isishindane na siagi. Madison ndiko yalikokuwa makao makuu ya Oscar Mayer, kampuni kubwa ya soseji. Oscar Mayer ilimilikiwa na General Foods, na mwaka 1989 General Foods ikaunganishwa na Kraft, mabingwa wa jibini, ikazaliwa Kraft General Foods. Soseji na jibini vikawa chini ya paa moja, na mwenye paa alikuwa Philip Morris, kampuni ya sigara. Mtafiti wa Kraft, Joseph Scimeca, akawa mmoja wa waandishi wa makala muhimu za CLA, huku bodi za nyama na za maziwa zikichangia majaribio ya maabara mbalimbali.

Wako wanaosikia habari kama hii wakafunga kitabu hapohapo: kama aliyelipa ni muuza nyama, matokeo yatakuwaje? Nami nina wasiwasi huo, na sioni haya kuusema. Lakini nimeufuatilia mkondo wa utafiti huu kwa miaka, na naona kwamba fedha hazikutengeneza majibu ya uongo. Zilichokifanya ni kuchagua maswali. Dola moja ya ng'ombe haikumlipa mtu aulize kama Mmarekani angeishi zaidi kwa kupunguza hambaga. Ililipa kuulizwa ni nini chema kilichojificha ndani yake. Swali hilo ni halali, na majibu yake yalipatikana kwa mikono safi, ila ni swali moja kati ya mawili.

Mtu aliyelibeba mbali zaidi ni Clement Ip, wa kituo cha saratani cha Roswell Park mjini Buffalo. Yeye alikuwa mjuzi wa saratani ya matiti kwa panya. Mwaka 1991, pamoja na Sou Chin, Scimeca na Pariza, alichapisha jaribio lililowafanya wengi wakae sawa. Panya majike walilishwa CLA kwa kiwango cha asilimia 0.5, 1 na 1.5 ya chakula chao, kisha wakapewa kemikali inayoanzisha saratani ya matiti. Idadi ya uvimbe ilipungua kwa asilimia 32, 56 na 60. Viwango hivyo ni vidogo mno kwa kipimo cha mafuta. Mafuta ya samaki, kwa mfano, huhitajika kwa wingi zaidi kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Mwaka 1996 baraza la taifa la utafiti la Marekani lilipotoa kitabu chake kuhusu visababishi na vizuizi vya saratani katika chakula, liliitaja CLA kuwa asidi ya mafuta pekee iliyothibitika pasipo shaka kuzuia saratani kwa wanyama wa maabara. Kwa wafugaji waliokuwa wamekaa kizimbani miaka ishirini, maneno hayo yalikuwa kama mvua ya kwanza.

Lakini CLA ya majaribio hayo ilitengenezwa kwa kemikali kutoka mafuta ya mimea, na ndani yake mlikuwa na mchanganyiko wa maumbo. Ng'ombe hatengenezi mchanganyiko huo. Zaidi ya robo tatu ya CLA yake ni umbo moja, lile Parodi alilolieleza, ambalo mwaka 1998 lilipewa jina la asidi rumeniki, kutokana na jina la kitaalamu la tumbo lile la kwanza. Je, siagi halisi, iliyotoka kwa ng'ombe halisi, ingefanya kazi ileile?

Swali hili lilimkuta Dale Bauman wa Chuo Kikuu cha Cornell akiwa na fumbo lake mwenyewe. Wafugaji wa maziwa walijua tangu zamani kwamba ukimpa ng'ombe nafaka nyingi na majani machache, maziwa hubaki mengi lakini mafuta yake huanguka. Mfaransa Boussingault aliliandika jambo kama hilo mwaka 1845, na hakuna aliyekuwa ameeleza sababu yake ikaridhisha. Bauman, pamoja na Mikko Griinari kutoka Finland, alishuku kwamba nafaka ikizidi, bakteria wa tumboni hubadili njia: badala ya kukihamisha kifungo kilekile cha siku zote, hukihamisha kile kingine, na hutoka CLA ya umbo jingine. Mwaka 2000 Lance Baumgard, aliyekuwa akisoma kwake, aliwamiminia ng'ombe wa maziwa gramu 10 za umbo hilo kwa siku, akizipitisha moja kwa moja kwenye tumbo la nne ili bakteria wasiziguse. Gramu 10 ni vijiko viwili vidogo vya chai, kwa mnyama wa kilo mia sita. Mafuta ya maziwa yalishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Fumbo la miaka mia moja na hamsini likapata ufunguo, na ufunguo huo ulitoka kwenye utafiti ulioanzia katika hambaga. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wa kisa hiki chote.

Mwaka huohuo kundi la Griinari na Bauman lilionyesha jambo jingine: sehemu kubwa ya asidi rumeniki ya maziwa haitoki tumboni ikiwa tayari. Tumbo hutoa asidi iitwayo vakseniki, kituo kimoja mbele ya CLA, na kiwele hukirudisha kifungo kilichopotea. Waliikadiria sehemu hiyo kuwa asilimia 64. Kiwele, ambacho kila mtu alikidhani ni bomba la kutolea, kilikuwa kiwanda.

Kabla hata ya makala hizo kutoka, watu wa Cornell waliwalisha ng'ombe kwa namna iliyopandisha asidi rumeniki kwenye mafuta yao, wakayasukasuka maziwa kuwa siagi, na siagi ikasafirishwa hadi Buffalo kwa Ip. Mwaka 1999 matokeo yakatoka: panya waliolishwa siagi hiyo tangu ujana wao walikuwa na uvimbe wa matiti pungufu kwa karibu nusu. Chakula cha kawaida, kilichotoka kwenye kiwele, kilifanya kazi ambayo watu walizoea kuitarajia kwa dawa. Siagi, iliyokimbiwa mezani kwa miaka ishirini, ilikuwa imerudi maabara kama mlinzi.

Pale Madison penyewe wakati huo mambo yalikuwa yameshika njia nyingine. Mark Cook, mtaalamu wa kuku, alikuwa akitumia CLA kuwasaidia vifaranga wasikonde wanapochanjwa. Alipoungana na Pariza na Yeonhwa Park, waligundua kwamba panya wadogo waliolishwa nusu asilimia ya CLA walikuwa na mafuta ya mwili pungufu kwa zaidi ya nusu. Makala ilitoka mwaka 1997, na hataza zikaandikishwa kupitia wakfu wa chuo hicho, ule ulioanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya ugunduzi wa Harry Steenbock wa kuongeza vitamini D kwenye chakula kwa mwanga. Kampuni zikaanza kuyageuza mafuta ya mimea kuwa vidonge vya kupunguza mwili. Ng'ombe akaachwa nje ya biashara aliyoianzisha.

Vidonge hivyo vilibeba maumbo mawili nusu kwa nusu: lile la siagi, na lile ambalo Baumgard aliliona likizima mafuta ya maziwa. Kwa binadamu mambo hayakuwa kama kwa panya. Hesabu iliyojumlisha majaribio mengi, iliyotoka mwaka 2007, ilionyesha kwamba gramu 3.2 kwa siku humpunguzia mtu chini ya gramu 100 za mafuta kwa juma. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Ulf Risérus na wenzake wa Uppsala, Sweden, walikuwa wamewapa wanaume wanene lile umbo la pili likiwa peke yake, na miili yao ikazidi kuwa mizito kuitikia insulini, dalili inayoelekea kwenye kisukari. Mamlaka za Ulaya zilikubali vidonge viuzwe kama chakula kwa miezi sita ya matumizi, zikakataa madai ya afya, na zikaonyesha wasiwasi kwa wenye kisukari.

Na saratani? Hapo ndipo pande zote mbili zilipokuwa zimeweka matumaini, na hapo ndipo binadamu alipokataa kuwa panya. Wanawake wa Finland waliopata saratani ya matiti baada ya ukomo wa hedhi walionekana kuwa na CLA ndogo kwenye damu. Utafiti mkubwa wa Uholanzi haukuona kinga yoyote. Nchini Sweden zaidi ya wanawake 60,000 walifuatiliwa kwa miaka: waliokula maziwa yenye mafuta kwa wingi walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache, lakini kwa saratani ya matiti CLA haikuonyesha kuwakinga. Tatizo moja lilikuwa la hesabu tupu. Ip alikadiria kwamba kiwango kilichowakinga panya kingekuwa sawa na gramu 3 kwa siku kwa mtu wa kilo 70. Watafiti wa Marekani walipopima chakula halisi cha watu, wanaume walikula miligramu 212 kwa siku na wanawake 151. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa siagi wala hambaga, kwa sababu mtu angemaliza mafuta ya mji mzima kabla ya kuikamata CLA ya kutosha.

Njia ya kulipunguza pengo ilikuwa imeonekana tayari, tena hapohapo Madison. Mwaka 1999 Tilak Dhiman na wenzake waliwagawa ng'ombe wa maziwa: wengine walipata theluthi moja ya chakula chao malishoni, wengine theluthi mbili, wengine chote. CLA katika kila gramu ya mafuta ya maziwa yao ilikuwa miligramu 8.9, 14.3 na 22.1. Ng'ombe wa majani matupu aliwazidi mara kadhaa wale wa zizini wanaolishwa nafaka na silaji. Hakuna kidonge wala mashine. Ni kufungua lango, kama walivyofanya watu wa Uingereza mwaka 1935. Inasikitisha kwamba tasnia mbili zilizolipia utafiti huu zilikuwa kwenye miaka ileile zikiwaondoa ng'ombe malishoni na kuwafungia kwenye mazizi makubwa, kwa sababu nafaka hunenepesha haraka na ng'ombe wa zizini hukamuliwa kwa wingi.

Kisa hiki kina upande wa kisheria pia, ambao mlaji huushika mkononi bila kujua. Marekani ilipoagiza mafuta ya trans yaandikwe kwenye vifungashio kuanzia mwaka 2006, CLA haikuhesabiwa, kwa sababu vifungo vyake vimekaa jirani. Denmark, iliyoanza kuyabana mafuta hayo mwaka 2003, ililenga yale ya viwandani tu, ikayaacha ya wanyama wanaocheua. Miaka ya kuchunguza tumbo la ng'ombe iliwapa wataalamu maneno ya kutenganisha kazi ya bakteria na kazi ya kiwanda cha majarini.

Mwezi Oktoba mwaka 2015, wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikutana Lyon, Ufaransa, kwa mwito wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa. Baada ya kupitia tafiti zaidi ya 800, waliiweka nyama iliyosindikwa, soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Kati ya sababu walizozitaja zilikuwamo dutu zinazozaliwa nyama inapopikwa kwa moto mkali. Ni zilezile zilizompeleka Pariza kwenye kikaango, kabla mgeni hajamvuta pembeni. Zilikuwa zikimngoja. Na jaribio lake la mwaka 1979, lisilozungumziwa tena na mtu, lilikuwa limeshaonyesha namna ya kuzipunguza: kuushusha moto.